Je, Nyumba Chafu ni Dhambi?



Kila mara tunapofundisha Amri za Mungu, mwalimu akiisha kueleza kwamba mwili wa mbatizwa ni hekalu la Roho Mtakatifu, mtu mmoja huinua mkono na kuuliza: «Mwalimu, kama ni hivyo, je, mtu akaaye katika uchafu anatenda dhambi?» Swali hili si la mchezo. Jibu lake likikosewa, mwenye hatia atajiona safi, na asiye na hatia atahukumiwa bure. Basi tulipime polepole.

Kwanza tukumbuke dhambi ni nini. Dhambi ni kuvunja sheria ya Mungu kwa kujua na kwa kutaka. Haianzi mkononi wala mguuni, yaanza moyoni. Vumbi, masizi na utando wa buibui havina moyo wala nia. Bwana wetu Yezu Kristu aliwafundisha watu waziwazi kwamba kinachomtia mtu unajisi hakitoki nje yake, ila chatoka moyoni mwake. Kwa hiyo uchafu wenyewe si dhambi. Mkulima arudiye shambani na matope magotini aweza kuwa safi mbele ya Mungu kuliko mtu mwenye shati jeupe, ambaye moyo wake umejaa husuda.

«Vema», atasema mvivu, «basi niacheni nilale.» Ngoja, ndugu, hatujamaliza.

Amri ya tano yatukataza kuua, nayo yatuamuru pia kutunza uhai, wetu na wa wenzetu. Nyumba isiyosafishwa kamwe ni adui wa uhai. Chukueni mfano wa mdudu yule tumwitaye kimputu, na wengine humwita papasi. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na za ukuta wa udongo. Usiku hutoka, humnyonya damu mtu aliyelala, kisha hurudi mafichoni. Aweza kukaa miaka kadhaa bila kula, akingoja. Kwa kuuma kwake hutia homa kali, ambayo hupoa siku chache hata mgonjwa akadhani amepona, kisha humrudia tena. Daktari Mwingereza Joseph Dutton alikuja nchini kwetu kuchunguza magonjwa, naye pamoja na mwenzake John Todd alionyesha kwamba mdudu huyo ndiye aletaye homa hiyo. Dutton mwenyewe aliipata, akafa huko Kasongo, katika Maniema, mwezi wa pili mwaka 1905, akiwa na miaka 30 tu.

Basi mtu mwenye nguvu, mwenye maji na ufagio, akiwaacha watoto wake walale juu ya nyufa hizo kwa uvivu tu, hawezi kusema: «Sina kosa.» Kosa lake si vumbi. Kosa lake ni uvivu, na kutojali uhai wa wale aliokabidhiwa na Mungu.

Lakini je, kila nyumba chafu ni nyumba ya mvivu? Hapana. Ziko nyumba chafu za namna tatu. Ya kwanza ni ya mvivu, ambaye aweza kusafisha lakini hataki. Ya pili ni ya maskini, ambaye ataka, lakini hana sabuni, na maji yako mbali. Ya tatu ni ya mtu aliyeelemewa: mgonjwa, mzee, au mwenye huzuni kubwa, ambaye mikono yake haimtii tena. Kwa mtu apitaye njiani nyumba zote tatu zina harufu moja. Ndiyo maana ahukumuye kwa pua hukosea mara nyingi.

Tuitazame hiyo nyumba ya tatu, kwa maana hapo ndipo penye shida. Katika vijiji vyetu hakosekani mama mzee, mjane, aliyebaki peke yake. Wana wake wengine wamekufa, wengine wamekwenda mjini au kwenye machimbo, wala hawarudi. Miguu yake imevimba, hawezi tena kufika mtoni. Paa lavuja, na maji yamechimba sakafu. Mkeka umeoza. Majivu ya mafiga yamejaa hata karibu na kitanda, na panya wamezaa humo. Wapitao huziba pua. Mwanzo wanasema: «Mzee huyu ni mchafu.» Baadaye wanasema: «Mbona hataki watu waingie kwake?» Mwishoni mmoja ananong'ona: «Labda anaficha kitu.» Hapo neno la uchawi limekwisha kuzaliwa. Ninyi wenyewe mnajua neno hilo hufika wapi. Wako wazee waliofukuzwa kijijini kwa sababu yake, wako waliochomewa nyumba, wako waliouawa.

Tazameni njia hiyo: imeanza kwa uchafu usiokuwa dhambi, ikaishia katika kuua. Sasa nauliza: dhambi iliingia wapi? Haikuingia kwa yule mama, maana miguu iliyovimba si kosa. Iliingia kwa wale waliopita. Kumbukeni mfano wa Msamaria mwema. Kuhani na Mlawi hawakumpiga yule mtu aliyelala njiani; walipita tu, na Bwana wetu hakuwasifu.

Hapa wengine watajibu: «Kumsafishia mzee ni kazi ya wana wake.» Ni kweli, Amri ya nne yawadai wao kwanza. Lakini mwana asipokuwapo, jirani ndiye aliyepo. Mtoto akianguka kisimani, hatumngoji baba yake arudi safarini. Wengine watasema: «Nikiingia kwake, watu watanisema nami ni mchawi.» Hofu hiyo naijua, wala siidharau. Ndiyo sababu nasema: msiende mmoja mmoja, nendeni wengi, mchana, milango ikiwa wazi. Watu kumi wakiingia na kutoka na mizigo ya takataka, kijiji kizima huona kwamba humo hamkuwa na kitu ila panya na upweke.

Tukikubali kwamba ni wajibu, yatupasa kujua namna ya kuutimiza, kwa maana kazi njema yaweza kuharibiwa na namna mbaya.

Kwanza, pigeni hodi. Mwenye nyumba akikataa leo, msimlazimishe. Mleteeni maji na kuni, msalimieni, mrudi siku nyingine. Anaona haya, na mwenye haya haponywi kwa kusukumwa.

Pili, toeni vitu vyote nje juani, kimoja kimoja, mama mwenyewe akiwa ameketi kivulini na kutazama. Msitupe kitu bila kumwuliza. Kikapu kilichotoboka chaweza kuwa kazi ya mikono ya marehemu mumewe. Kwenu ni takataka, kwake ni ukumbusho. Anayesafisha nyumba na kumdharau mwenyewe ameondoa vumbi na kuleta uchafu mwingine.

Tatu, fuateni utaratibu. Anzeni juu: angusheni masizi na utando wa buibui. Kisha kuta, na mwisho sakafu, maana aanzaye chini atafagia mara mbili. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia, vumbi lisiwaingie kifuani. Mkikuta panya waliokufa, msiwashike kwa mikono. Viroboto wao waweza kuleta tauni, ugonjwa ujulikanao sana huko Ituri. Mwarifuni muuguzi. Ondoeni udongo uliooza katika pembe, zibeni mashimo na nyufa kwa udongo uliokandwa vizuri, na msiribe sakafu mpaka iwe laini, asipate kimputu pa kujificha. Kitanda kiinuliwe, wala kisiguse ukuta. Nguo zifuliwe kwa sabuni ya mawese, zianikwe juani. Mkeka uliooza, akikubali, uchomwe, naye awekewe mwingine.

Nne, harufu njema ije mwisho. Udongo ukiisha kukauka, wekeni majani ya mchaichai, na kuacha upepo uingie. Anayetanguliza harufu hajasafisha, ameficha.

Tano, tafuteni chanzo. Mkifagia na kuacha paa likivuja, mvua ya kwanza itawacheka. Mkisiriba na kumwacha mama bila mtu wa kumchotea maji, baada ya miezi miwili mtaikuta nyumba ile ile. Bwana wetu alisimulia habari ya nyumba iliyofagiwa na kupambwa, lakini ikaachwa tupu. Pepo aliyetoka akarudi na wenzake saba, na hali ya mwisho ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Nyumba yataka mtu, si ufagio peke yake. Kwa hiyo kabla ya kwenda zenu, agizaneni: nani ataleta maji Jumatatu, nani Alhamisi, nani atamsalimu mama Dominika baada ya sala.

Najua wako wanaume watakaosema: «Ufagio ni kazi ya wanawake.» Wamtazame Mtakatifu Martín de Porres. Alizaliwa Lima, katika nchi ya Peru, mwaka 1579. Baba yake alikuwa Mhispania mwenye cheo, mama yake mwanamke mweusi aliyewahi kuwa mtumwa. Katika konventi ya Wadominiko alifagia, aliuguza wagonjwa, hakuona haya kwa kazi yoyote. Papa Yohane XXIII alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1962, na katika picha zake mara nyingi ameshika ufagio. Inasimuliwa kwamba siku moja alimlaza katika kitanda chake mwombaji mwenye vidonda na uchafu mwingi. Ndugu mmoja wa konventi akamkemea kwa kuchafua shuka. Martín akamjibu kwamba shuka huweza kufuliwa kwa sabuni, lakini doa la kumtendea mwenzako kwa ukali hata machozi mengi hayaliondoi. Hapo, ndugu zangu, swali letu limejibiwa: uko uchafu uondokao kwa maji, na uko uchafu ambao maji ya mto hayauwezi.

Fikirini pia yule mwanamke wa Injili aliyepoteza sarafu moja. Aliwasha taa, akafagia nyumba yote, akatafuta kwa bidii mpaka akaiona. Hakufagia kwa ajili ya majirani wamsifu. Alifagia kwa kuwa ndani ya vumbi lile mlikuwa na kitu cha thamani. Nasi tunaposafisha nyumba ya mama mjane, sarafu ni yeye mwenyewe, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Tena hili lawahusu ninyi mnaongoja Ubatizo kuliko wengine. Ninyi mwajiandaa kumpokea Mungu katika nyumba ya roho. Je, Mungu amewaambia: «Jisafisheni wenyewe kwanza, ndipo nitakapowapenda»? Hasha! Alitupenda tungali wenye dhambi. Dhambi ya asili hatukuitenda sisi, tumeirithi, wala hatuna nguvu ya kuiondoa; naye hakupita akiziba pua. Alipiga hodi, akangoja tufungue, naye mwenyewe aondoa yale tusiyoyaweza. Sisi twadaiwa kumfungulia mlango na kuziacha njia mbaya. Atakaye kutendewa hivyo na Mungu, na amtendee hivyo jirani yake.

Basi, kwa kifupi: nyumba chafu si dhambi. Uvivu wa mtu mwenye uwezo ni kosa. Kumdharau asiye na uwezo ni kosa kubwa zaidi. Na kumwita mchawi kwa sababu ya uchafu wake ni kumshuhudia jirani uwongo, jambo likatazwalo na Amri ya nane, nalo laweza kufungua mlango wa kumwaga damu.

Kusudi la mwezi huu: kila kundi la wakatekumeni lichague nyumba moja ya mzee au mgonjwa, asiulizwe dini yake, lifanye kazi hiyo kwa utaratibu tuliousema, kisha lipange zamu ya maji.

Maswali ya kuulizana katika kundi:

1. Dhambi ni nini, na kwa nini uchafu wenyewe si dhambi?
2. Nyumba chafu ni za namna ngapi? Yatupasa kufanya nini mbele ya kila moja?
3. Kwa nini tusitupe kitu bila kumwuliza mwenyewe?
4. Katika kijiji chetu, ni nyumba ipi ambayo hatujapiga hodi tangu mwaka jana?