Jasho la Dada wa Kazi Lina Mwenyewe

Novemba 2011, maofisa wa FBI walimkamata Bi Hsien-Hsien Liu, mkuu wa ofisi ya uwakilishi ya Taiwan mjini Kansas City, Marekani. Kilichomponza ni mshahara wa mtumishi wa nyumbani kwake, mwanamke aliyemleta kutoka Ufilipino. Mkataba uliopelekwa ubalozini wakati wa kuomba viza ulitaja dola 1,240 kwa mwezi, kwa saa 40 za kazi kwa wiki. Walipofika, mtumishi akawa anapewa dola 400 na kidogo, na kazi ikawa saa 16 hadi 18 kwa siku. Pasi yake ilichukuliwa. Ndani ya nyumba ziliwekwa kamera za kumchunga.

Taiwan ilisema afisa wake ana kinga. Marekani ikajibu kwamba kinga aliyokuwa nayo ililinda shughuli za kiofisi tu, wala haikufika jikoni kwake. Bi Liu alikiri kosa. Mwishoni mwa Januari 2012 alihukumiwa kifungo cha muda aliokwisha kukaa rumande, akalipa dola 80,044 kumfidia mtumishi huyo na mwingine mmoja aliyemwajiri, kisha akaondolewa nchini humo.

Ndugu msomaji, tusiyaone hayo kuwa ni ya Wataiwani peke yao. Yamewahi kutupata na sisi. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2004, binti wa Kitanzania alifanya kazi katika nyumba ya Alan Mzengi, aliyekuwa afisa wa ubalozi wetu Washington. Kwa mujibu wa madai aliyoyafikisha mahakamani mwaka 2007, alinyang'anywa pasi, alifanya kazi tangu alfajiri hadi usiku bila siku ya mapumziko, na mshahara alioahidiwa hakuuona. Afisa huyo hakujibu shauri inavyotakiwa, na mwaka 2008 mahakama ikaamuru binti alipwe zaidi ya dola milioni 1. Afisa aliondoka Marekani bila kulipa. Deni likabaki likiifuata nchi, mpaka Serikali ya Tanzania ikatoa dola 170,000 kumaliza jambo hilo. Kilichoanzia katika nyumba ya mtu mmoja kikaishia kuwa mzigo wa taifa.

Nimeyatafakari mashauri haya mawili, na naona dalili zake zilikuwa wazi tangu mwanzo. Ya kwanza ni mishahara miwili: mmoja wa kwenye karatasi, mwingine wa mkononi. Ya pili ni pasi kukaa kwa tajiri. Ya tatu ni siku ya kupumzika iliyofutika kimyakimya. Ya nne, na ndiyo inayotisha kuliko zote, ni woga wa mtumishi kuzungumza na watu wa nje. Kila dalili ingeweza kurekebishwa siku ileile ilipojitokeza. Lakini aliyekuwa na uwezo wa kurekebisha ndiye aliyekuwa akinufaika, basi akaendelea kuahirisha.

Hapa kwetu Mpemba na Tunduma hatuna mabalozi, lakini tuna madada wa kazi. Mji wa mpakani haulali: kuna maduka, malori, wageni wa kwenda na kurudi Zambia. Mama yuko dukani, baba yuko safarini, na mtoto lazima awe na wa kumwangalia. Tunatuma nauli kwa ndugu wa Ileje au Mbozi, binti anashuka stendi na mfuko mmoja, na kazi inaanza bila maandishi yoyote. Tunasema, "Huyu ni kama mwanangu." Kisha tunasema, "Hela yako nakutunzia." Kisha mwezi unapita, biashara inayumba, na hela ile inaingia kwenye mtaji. Mimi na wewe tunaweza kuteleza hapo bila kujiona wabaya hata kidogo. Simu yake tunaishika ili "asiharibike". Anapougua tunamwambia atapoa. Jumapili tunakwenda kanisani na kumwachia nguo za kufua.

Sheria haitazami kama tunampenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua kama mfanyakazi: saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, siku ya mapumziko, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na masharti ya kazi yaliyoandikwa. Aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi anayelala kwa mwajiri, na shilingi 250,000 kwa aliyeajiriwa na mwanadiplomasia. Akidhulumiwa, anaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, au kusaidiwa na chama cha wafanyakazi cha CHODAWU.

Basi tuanze mwezi huu. Mlipe kwa tarehe mliyokubaliana, mkononi mwake au kwenye simu yake mwenyewe, hata kama mauzo yamekuwa mabaya. Andikeni makubaliano, japo kwenye karatasi ya daftari, na kila mmoja abaki na nakala. Kitambulisho chake akitunze mwenyewe. Mpe siku yake, na mwache ampigie mama yake bila wewe kusimama karibu. Na kama kuna malimbikizo, hesabuni pamoja leo, ukubali kiasi kitakachotokea. Dawa ya deni ni kulipa, na deni la mtu anayewalea watoto wako halistahili kungoja mpaka aite mwanasheria.