Mgongo Unaopinda na Haki ya Kuchagua

Mgonjwa wa mgongo anaambiwa na mpasuaji: pingili zako mbili nitaziunganisha ziwe mfupa mmoja, maumivu huenda yakapungua, lakini pale hapatapinda tena. Je, ana haki ya kukataa na kutaka kifaa kinachoushikilia mgongo bila kuuzuia kupinda?

Kifaa kimoja cha aina hiyo kina historia ya kupendeza. Mwaka 1972, mjini Munich, Karin Janz wa Ujerumani Mashariki alishinda medali mbili za dhahabu za jimnastiki. Baadaye akawa daktari wa mifupa, na katika hospitali ya Charité, Berlin, yeye na Kurt Schellnack wakabuni diski bandia: sahani mbili za chuma, katikati kiini cha plastiki ngumu kinachoteleza. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa mwaka 1984. Sishangai kwamba wazo hilo lilimvutia mtu aliyeijua thamani ya mgongo mwepesi.

Pingili zikishaungana, hapana kiungo cha kulika. Ila mzigo huhamia kwa pingili jirani, nazo zaweza kuchakaa mapema. Diski bandia nayo ina lake. Plastiki husagika, sahani zaweza kuzama mfupani. Tena huingizwa kupitia tumboni, penye mishipa mikuu ya damu, na kurudi kuitoa baada ya kovu kufanyika ni hatari kuliko kuiweka.

Ndiyo maana siafikiani na wenzangu wanaosema kuwa mwendo ni wa asili, basi kifaa kinachouhifadhi ndicho chema. Neno "asili" linamwamulia mgonjwa kabla hajaulizwa, na chuma si asili. Kwetu Burundi, vilimani, mama anayelima kwa jembe la mkono huinama tangu asubuhi. Kwake kuinama ni chakula. Mwingine, kulala usiku mmoja bila maumivu kunamtosha. Daktari anakijua kifaa, lakini hajui mgongo ule unafanya kazi gani mpaka aulize.

Najua jibu la wengi: mgonjwa hana elimu ya kuchagua. Kweli, hawezi kuchagua aina ya chuma. Anaweza kuchagua hasara ambayo yuko tayari kuishi nayo, mradi aambiwe yote, hasa kwamba kurudi nyuma si rahisi. Mwenye miaka 35 huenda akaishi na diski hiyo miaka 40. Ikilegea akiwa na 70, mpasuaji wake atakuwa amestaafu zamani, na sijui ni nani atakayepaswa kumjibu.