Huyu si Konda Wangu?

Jioni moja rafiki yangu alinipigia simu. Tulianza kuandika pamoja, tukisomeana hadithi kabla mtu mwingine hajaziona. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Bro, huyu si konda wangu?"

Nilijua anamzungumzia nani. Katika hadithi yangu iliyotoka wiki hiyo kulikuwa na mwanamke konda wa matatu anayehesabu noti huku amefumba macho. Katika hadithi yake, ambayo bado ilikuwa daftarini, kulikuwa na mwanamke konda anayehesabu noti huku amefumba macho. Mimi nilikuwa nimembadilisha jina, nikamtoa Kisumu nikamleta Likoni, nikamfunga leso. Nilidhani inatosha.

Nikaanza kujitetea. Kwani nani hachukui? Mwaka 1841 Edgar Allan Poe wa Marekani alimuumba Dupin, mtu wa Paris anayefumbua mauaji kwa kufikiri, huku rafiki yake akitusimulia. Mwaka 1887 Arthur Conan Doyle akatuletea Sherlock Holmes: sasa ni London, na msimulizi ni Watson. Mwaka 1960 kikachapishwa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, na Bwana Msa akaingia Unguja, kiko mdomoni, rafiki yake Najum kando. Hata kiko hakukiacha! Mbona hatumwiti mwizi?

Rafiki yangu akanyamaza kidogo. "Sawa. Lakini Bwana Msa anajua nini ambacho Holmes hajui?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Holmes anaishi katika jiji la wageni. Watu hawajuani, kwa hiyo inambidi asome tope kwenye viatu na majivu ya sigara. Unguja ya Bwana Msa ni mahali ambapo watu wanajuana hadi babu zao. Huko siri haikai kwenye tope, inakaa kwenye ukoo, kwenye ndoa, kwenye mambo ambayo kila mtu ameyasikia na hakuna anayethubutu kuyataja. Na maiti ikikutwa kwenye mzimu, mpelelezi ana kazi ya pili: kupambana na hofu ya watu kabla hajamfikia muuaji. Mpeleke Holmes pale na elimu yake ya majivu, atahitaji mtu wa kumweleza nani ni mjomba wa nani. Kiko ni kilekile, lakini kichwa kinachokivuta kinafanya kazi nyingine.

Sasa konda wangu. "Kwa nini anafumba macho?" rafiki yangu aliuliza. Sikuwa na jibu. Nilisema inapendeza. Katika hadithi yake, yule mwanamke alilelewa na baba aliyepofuka akiwa na kibanda cha duka. Wateja walikuwa wakimpa noti ya hamsini na kumwambia ni ya mia. Baba akajifunza kuzitambua kwa vidole, akamfundisha na binti yake. Kila akifumba macho ndani ya matatu, yuko na baba yake. Mimi nilibeba tabia, nikamwacha mzee kibandani.

Wako watakaosema hadithi hazina mwenyewe. Bibi zetu hawakumwomba mtu ruhusa ya kumsimulia Sungura. Ni kweli, lakini Sungura hakuna anayelala njaa kwa sababu yake. Msimulizi na wasikilizaji wote walijua ni wa wote. Deni la Conan Doyle nalo liko wazi. Katika kitabu cha kwanza cha Holmes, Watson anamtaja Dupin kwa jina, na Holmes anambeza. Mhusika ana majivuno yake, lakini Conan Doyle mwenyewe hakuficha kwamba alijifunza kwa Poe. Tena kazi ya Poe ilikuwa imeshachapishwa. Msomaji aliweza kuwaweka wawili hao mezani akalinganisha.

Daftari la rafiki yangu halikuwa na msomaji mwingine ila mimi. Kama angechapisha baada yangu, yeye ndiye angeonekana ameniiga. Hapo ndipo nilipoona uzito wa jambo lenyewe. Nilimchukulia konda, halafu nikamchukulia na zamu yake ya kutangulia. Kumkopa marehemu mwenye jina kubwa hakumpunguzii kitu. Kumkopa mwenzako asiyejulikana bado, kimyakimya, kunaweza kumfungia mlango.

Niliwaomba wahariri waiondoe hadithi. Iliniuma, maana watu walikuwa wameipenda, na walichokipenda zaidi ni yale macho yaliyofumbwa.

Kisha nikaanza upya. Sikumwacha konda, kwa sababu makonda hawana mwenyewe, wala pesa hazina mwenyewe. Nilichobadilisha ni swali: huyu wangu anahesabu vipi, na nini kilimfunza hivyo? Ilinichukua miezi kumpata. Anahesabu kwa sauti, mara mbili, macho kodo, abiria wakimcheka. Aliwahi kufukuzwa kazi kwa shilingi mia mbili ambazo hakuiba, na tangu siku hiyo anataka gari zima liwe shahidi. Chini ya hadithi nikaandika kwamba imetokana na hadithi ya mwenzangu, nikamtaja kwa jina, kwa idhini yake.

Nilimtumia aisome kwanza. Akanipigia tena jioni. "Huyu mama," akasema, "simjui. Anatoka wapi?"