Je, Ni Haki Kwenda Mlimani Kujifurahisha?

Yako maswali madogo yenye mizizi mirefu. Mojawapo ni hili: je, ni haki mtu kwenda mlimani pamoja na rafiki zake kwa kujifurahisha tu, katika nchi ambayo wengine huupanda mlima ule ule kwa taabu? Sisi tukaao Bunia twalisikia swali hili mara nyingi, hasa wakati wa kiangazi, siku ambazo njia ina amani. Waalimu, mafundi, vijana wa ofisi na wafanyabiashara wadogo huchanga fedha za mafuta. Hutafuta gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne, au pikipiki tatu nne, na Jumamosi alfajiri hutoka mjini kuelekea Milima ya Buluu. Saa nane mchana wamekwisha rudi. Hawakununua kitu wala kuuza kitu, hawakumtazama mgonjwa wala hawakuzika mtu. Walikwenda kuona, kucheka na kula chakula chao majanini. Wazee wengine huwaangalia wakirudi na vumbi lao, wakasema: "Hawa wana kazi gani?"

Neno hili la wazee si wivu tu. Twapaswa kulipima kama lipimwavyo neno la mtu mwenye akili.

Kwanza yafaa tujue mahali penyewe. Mji wa Bunia umekaa juu, mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Ukifuata njia ya Kasenyi, ukapita kijiji cha Bogoro, yapata kilomita 25 kutoka mjini, nchi hukatika ghafula mbele yako. Hapo ndipo ukingo wa lile bonde kubwa la ufa lipitalo magharibi ya Afrika ya Mashariki. Chini kabisa, kwenye mita 600 na kidogo, limelala Ziwa Albert, lenye urefu wa kilomita 160 hivi, na ng'ambo yake ni Uganda. Samuel Baker, aliyefika ng'ambo ile mwaka 1864, aliiona milima yetu kwa mbali juu ya maji, na kwa mbali huonekana ya buluu kweli. Sisi tukiwa juu yake twaona majani, mawe, ng'ombe na mashamba ya mihogo.

Yako na maajabu mengine. Mvua inyeshayo juu ya mgongo wa milima hii hugawanyika. Maji yaangukayo upande wa Bunia huingia mito kama Shari, kisha mto Ituri, ambao mbele huitwa Aruwimi, kisha mto Kongo, na mwisho bahari ya Atlantiki. Maji yaangukayo upande wa pili huteremka Ziwa Albert, huingia mto Nile, hupita Sudani na Misri, hata bahari ya Mediteranea. Matone mawili yaliyotoka katika wingu moja huachana kwa sababu ya mteremko wa hatua chache. Mtu asiyesimama pale hata mara moja katika maisha yake amenyimwa jambo, naye ni mwenyeji wa nchi hii.

Basi, turudi kwa neno la wazee. Je, kupumzika kwa namna hii ni kupoteza siku? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, hakudharau kuuliza habari ya michezo. Katika kitabu chake cha Summa alisimulia hadithi ya zamani juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walichukizwa kumwona mzee yule akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yohane akamwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, na tena, na tena. Kisha akamwuliza kama aweza kuendelea hivyo pasipo kukoma. Mtu yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Vivyo hivyo, alisema Yohane, roho ya mtu huvunjika isipolegezwa kamwe. Mwenye kulima ajua kwamba jembe huwekwa chini. Mwenye kufundisha ajua kwamba sauti hukauka. Kwa hiyo mapumziko si wizi.

Lakini Tomaso hakuishia hapo. Alisema kwamba mchezo, kama matendo yote ya mtu, lazima upatane na mahali, na watu, na wakati. Nasi tutayapima matembezi yetu kwa vipimo hivyo vitatu, maana hapo ndipo penye uzito.

Tuanze na mahali. Njia yetu ya furaha yapita Bogoro. Tarehe 24 Februari 2003, alfajiri, kijiji hicho kilishambuliwa na watu wenye bunduki na mapanga. Watu wengi waliuawa, na watoto walikuwamo. Nyumba zilichomwa, mali ikachukuliwa. Kesi ya siku ile ilifika mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Uholanzi. Mwezi wa Januari 2012 majaji wenyewe walikuja Ituri kupaona mahali. Mwezi wa Machi 2014 Germain Katanga alionekana na hatia ya kusaidia mauaji yale, akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Mshtakiwa mwenziwe, Mathieu Ngudjolo, alikuwa ameachiliwa Desemba 2012. Mwaka 2017 mahakama ikaamua kwamba watu 297 walioteswa na shambulio lile walipwe kila mmoja dola 250, ziwe alama tu, kwa maana hasara yao haihesabiki, tena wapewe msaada wa pamoja.

Basi mtu atauliza: mwapitaje hapo mkiimba?

Swali hili ni zito kuliko lile la wazee. Mtu mmoja hujibu upesi: "Mambo ya zamani, tuyaache." Mwingine hujibu: "Mahali pa damu pasikanyagwe kwa furaha milele." Sisi twaona kwamba wote wawili hawakuwauliza watu wa Bogoro. Maana Bogoro si kaburi tu, ni kijiji. Watu wanaishi pale. Wanaoana, wanabatiza watoto, wanacheka. Kama furaha ingekuwa tusi kwa wafu, wa kwanza kuwatukana wangekuwa watoto wao wenyewe, nao sivyo. Lililo tusi ni furaha ile itakayo watu wa pale wasiwepo, au wasiwe na habari yo yote ya kusimulia, ili sisi tuone majani mazuri tu.

Furaha ya namna hiyo imekwisha onekana katika milima hii. Mwezi wa Desemba 1887 Henry Stanley alifika ukingoni huku akaliona ziwa chini yake, naye aliiandika siku ile kama siku ya ushindi. Lakini mamia ya wapagazi wake walikuwa wametolewa Unguja mwaka ule ule, na wengi wao walibaki katika msitu wa Ituri kwa njaa, maradhi na mishale. Na wenyeji wa uwanda wa juu walikuwa wamechomewa vijiji siku chache kabla. Msafiri aliliona ziwa vizuri sana. Watu hakuwaona vizuri. Kuona kwa namna hiyo ni nusu upofu.

Sasa twende kwenye kipimo cha pili, yaani watu. Safari moja, tulipokuwa tumesimama kupoza gari, tulikutana na mama akipanda kutoka ziwani, na beseni la samaki wakavu kichwani. Tukamwamkia, tukamsaidia kutua. Akauliza, "Mnakwenda wapi, wanangu?" Mmoja wetu akajibu, "Twakwenda kuangalia ziwa, mama." Mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Ziwa? Mimi natoka huko. Lipo tu." Kisha akatuonyesha kwa kidole mwamba mmoja, akasema kwamba kutoka pale tutaliona zuri kuliko mahali pengine, naye hupenda kupumzika hapo akipata nafasi. Tukamtwika mzigo wake, akaenda.

Twafikiri mama huyu alitupa kipimo kilicho bora kuliko maneno mengi. Furaha iliyo halali ni ile uwezayo kumwambia mtu mwenye mzigo, kwa kinywa chako, bila kuona haya na bila kusema uwongo. Ukiweza kumwambia uendako, ukasikia jibu lake, furaha yako haikumnyang'anya kitu. Ukilazimika kupandisha kioo cha gari usiyaone macho yake, basi rudi nyumbani, kwa kuwa roho yako imekwisha kukuambia neno. Na tena, mama yule alijua uzuri wa mlima kuliko sisi. Tusidhani kwamba mwenye mzigo hana macho. Anayo, ila nafasi ndiyo hana. Kumpa mtu nafasi ya kuinua macho ni kazi ya haki kama ilivyo kazi ya kumpa chakula.

Kipimo hiki cha watu chahusu na njia yenyewe. Wapanda milima wa mjini hupenda sana kuacha barabara na kupita majanini, wakijaribu nguvu za gari lao. Husema, "Hapa ni pori tu." Ndugu, mahali pasipo barabara si mahali pasipo mwenyewe. Majani yale ni malisho ya ng'ombe wa fulani. Kilima kile ni shamba lililopumzishwa. Lile rundo la mawe huenda ni kaburi. Hata nchi yenyewe hudhurika. Magurudumu yakishuka moja kwa moja mtelemko, huacha mifereji miwili. Mvua ya kwanza huifuata, ya pili huichimba, na baada ya misimu michache ni korongo, na udongo wa shamba umekwenda ziwani. Walioichimba walikuwa Bunia zamani wakisimulia mchezo wao. Kwa hiyo yafaa kufika kwanza kwa mkubwa wa kijiji, kuomba njia, kumchukua kijana wa pale awe kiongozi na kumlipa haki yake, na kufuata alama za magurudumu zilizopo. Adabu hii haipunguzi raha hata kidogo.

Tena twakumbuka kwamba mlima huwapima marafiki wenyewe. Mjini wote ni wema mezani. Lakini gari likizama matopeni, utaona nani avuaye viatu na nani abakiye kitini akitoa mashauri. Chakula kikiwa kidogo, utaona nani amegaye kwanza. Na dereva akisema, "Hapa tusipite, ni hatari," utaona nani amchekaye na nani amshukuruye. Mtu aweza kufanya kazi na mwenziwe miaka mitano asimjue, akamjua katika saa tano za mlima.

Kipimo cha mwisho ni wakati, nacho ndicho tunachokisahau. Zipo siku zisizofaa. Tangu tarehe 6 Mei 2021, hali ya kuzingirwa ilipoanza katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, kila mtu ajua kwamba lazima kuuliza habari za njia kabla ya kutoka. Kuuliza si woga, ni busara. Maana mtu akipotea kwa ukaidi wake huwapeleka na wengine hatarini wakimtafuta. Zipo na siku ambazo njia ni salama, lakini mji una msiba. Wiki ambayo wakimbizi wapya wameingia Kigonze na watoto wao bila mablanketi, fedha za mafuta zina kazi nyingine, na mlima utangoja. Hatutungi sheria ya kuhesabu siku hizo; kila mmoja aulize dhamiri yake, na marafiki waulizane kwa sauti, wasiachiane.

Lakini tusikaze kamba upande huo mpaka ikatike. Wako watu wasemao kwamba maadamu kuna hata mtu mmoja mwenye shida, hakuna haki ya kucheka. Neno hilo laonekana takatifu, nalo lina kosa ndani yake. Shida ya Ituri imekuwa ndefu. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Bogoro amekwisha kuwa mtu mzima. Tungewaambia watu wasifurahi mpaka taabu yote iishe, tungekuwa tumewapa wenye bunduki ushindi mmoja zaidi: wamechukua ng'ombe, wamechukua nyumba, sasa wachukue na Jumamosi asubuhi. Nesi aliyekesha wodini wiki nzima, akaketi saa mbili kwenye upepo wa mlima, hurudi kwa wagonjwa wake na uso mwingine. Saa zile mbili hakuwaibia wagonjwa.

Ndiyo sababu twaisifu safari ya nusu siku. Siku nzima na usiku wake ni za wachache wenye nafasi; nusu siku yatosha kulegeza upinde, na nusu ile nyingine hubaki kwa wale wanaotungoja: mama mgonjwa, madaftari ya wanafunzi, duka, watoto. Wazee wakituuliza tena tuna kazi gani, tusiwajibu kwa ukali. Tuwaambie tulikopita, nani alituongoza, nani tulimtua mzigo, na jinsi majani yalivyo pale juu mwaka huu. Pengine wataona kwamba hatukwenda bure. Na wakitaka kwenda, kiti cha mbele ni chao.