Kuacha na Kuachishwa

Kuna vitenzi viwili ambavyo familia yetu imevitumia kama kimoja kwa miaka mitatu sasa, na nadhani ugomvi wetu wote umejificha hapo. Kuacha na kuachishwa. Kuacha ni tendo la mtu mwenyewe: ameacha pombe, ameacha sigara, ameacha kazi bila notisi. Simama kanisani Jumapili useme "nimeacha" na watu watapiga makofi, wala hakuna atakayekuuliza uliacha kwa kasi gani. Kuachishwa ni habari ya mtoto na ziwa. Anayeamua hapo ni mama, na mama mwenye akili haamui kwa siku moja. Anaanza na uji wa mchana, usiku bado ananyonyesha, na mtoto akiugua anasimamisha mpango mzima mpaka apone. Mtoto aliyeachishwa ziwa hapigiwi makofi na mtu. Ila pia hachekwi kwamba alikuwa ananyonya.

Sasa mtu anayepunguza methadoni tumweke wapi?

Ninayemzungumzia ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Alilelewa Yamumbi, hapa jirani na Langas, akawa turnboi kisha dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba na kurudi. Ajali ikamvunja mgongo. Alifanyiwa upasuaji, akarudi kutembea, lakini maumivu hayakuondoka, na tramadol aliyoandikiwa kwa wiki chache akaimeza kwa miaka. Kuna kemisti fulani iliyomjua kwa jina na haikumwomba karatasi ya daktari. Vidonge viwili kwa siku vikawa vinne, vinne vikawa nane. Akiwa Mombasa, siku vidonge vilipokosekana, rafiki mmoja akamwonyesha unga. Sitaki kuirefusha sehemu hiyo, maana kila mtu anaijua na watu hupenda kuisikiliza kuliko inavyostahili. Kilichomtoa huko ni methadoni.

Kenya ilianza kutoa methadoni Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha huduma ikafika Pwani. Methadoni ni dawa ya jamii ya afyuni, ndugu wa mofini na hata wa heroini, ila inakaa mwilini muda mrefu. Dozi moja ya asubuhi inamshikilia mtu mpaka kesho yake asipate arosto, ule msukosuko wa mwili uliokosa ulichozoea: tumbo kufunguka, vipele vya baridi, miguu isiyotulia, usiku usioisha. Kwa aliyezoea kipimo chake, haimleweshi. Inamfanya awe mtu wa kawaida, ambalo ni jambo kubwa kama umewahi kukaa bila kuwa wa kawaida. Kaka alienda dirishani kila siku, akanywa mbele ya nesi, akajibu neno moja ili ionekane amemeza, akaenda kazini. Akapata kazi ya gereji. Akaanza kutuma pesa nyumbani.

Halafu Mama Mkubwa akaugua nyonga, shamba likakosa mtu, naye akatuma neno: "Arudi nyumbani. Lakini arudi akiwa ameacha."

Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni karibu kilomita 800. Kliniki ya karibu zaidi na Yamumbi aliyoambiwa ilikuwa Kisumu, na hakuna mtu anayeweza kwenda Kisumu kila asubuhi na bado akalima. Kwa hiyo lile sharti la mama, hata asingelisema, ramani ilikuwa imeshalisema. Hapo ndipo swali linapoanza kuniuma. Mtu akipunguza dawa kwa sababu njia ya kwenda kwao haina dirisha la dawa, tuseme ameamua mwenyewe?

Rafiki zangu wa mjini huwa wanalimaliza hili haraka. Wanasema, si kuna watu wa kisukari wanaojidunga insulini maisha yao yote? Kuna anayewaambia waache? Hoja hiyo ina umri. Vincent Dole na Marie Nyswander, madaktari walioanza kutumia methadoni hivi huko New York miaka ya 1960, waliifananisha na insulini, na walikuwa na sababu nzuri: walitaka mgonjwa atendewe kama mgonjwa. Kaka naye alimjaribu mama yake kwa hoja hiyohiyo. Mama Mkubwa humeza dawa ya presha kila asubuhi. "Mama, si hata wewe hujaacha?" Akamjibu: "Presha haikuniibia mtoto."

Nimelitafakari jibu hilo sana, na sidhani ni ujinga. Yeye haoni molekuli, anaona miaka ambayo simu ya mwanawe haikupatikana. Chochote kinachofanana na kile kilichomchukua kinanuka vilevile kwake. Tena Kiswahili chenyewe hakimsaidii, maana dawa ya presha ni dawa na dawa za kulevya nazo ni dawa, na methadoni imekaa pale mpakani ambapo neno moja linabeba mizigo miwili.

Ana hoja nyingine yenye nguvu zaidi. Anasema asubuhi ya mwanawe iko mikononi mwa watu wengine. Nesi akigoma je? Mwaka 2017 manesi wa hospitali za umma walikaa kwenye mgomo miezi mitano, tuliona. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya nchini ilitikisika ndani ya siku chache, na watu waliokuwa hawajawahi kufikiria siasa za Washington wakajikuta wanahesabu chupa. Mama Mkubwa alisikia hizo habari redioni, akanipigia simu mimi badala ya kumpigia yeye. "Umeona? Mtu mzima anaishi kwa hisani." Sikuwa na la kusema. Ni kweli kwamba kutegemea kitu ambacho mwingine anaweza kukifunga leo ni aina ya kutokuwa huru, hata kama hajakifunga. Wanaosema kutaka kuacha ni aibu tu iliyopakwa rangi hawajawahi kuamka alfajiri kila siku, Krismasi na Idd, kwenda kupanga foleni.

Basi aache, si ndiyo?

Polepole. Tuangalie walioacha kwa kuachishwa na kalenda. Marekani, baada ya miaka ya madaktari kuandika dawa za afyuni kama peremende, idara ya afya ya CDC ilitoa mwongozo mwaka 2016 wa kuwatahadharisha. Tahadhari ikageuzwa sheria na watu wengine, bima na hospitali na madaktari wenye woga, na wagonjwa wa maumivu ya muda mrefu wakakatiwa dawa ghafla. Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ililazimika kuonya kwamba kukata ghafla kumewaletea watu arosto kali, maumivu makubwa, hata kujiua. Mwaka 2022 mwongozo ukaandikwa upya: kwa aliyetumia zaidi ya mwaka, kushuka kwa asilimia 10 kwa mwezi, au polepole zaidi, ndiko kunakovumilika. Walikuwa na nia njema toka mwanzo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba namba ndogo ni afya na sifuri ni afya kamili.

(Na tusije tukaagiza hofu ya Marekani kama tunavyoagiza mitumba. Shida yetu huku kwa sehemu kubwa ni kinyume chake. Uganda ilianza kutoa mofini ya maji kupitia Hospice Africa ya Anne Merriman, iliyoanzishwa 1993, kwa sababu watu wenye saratani walikuwa wanakufa wakipiga kelele. Hospitali nyingi za ukanda huu bado zinaogopa mofini kuliko zinavyoogopa maumivu.)

Kuna jambo ambalo Mama Mkubwa halijui, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kumwambia. Wiki nne za kwanza baada ya mtu kutoka kwenye matibabu ya methadoni ni kati ya wiki za hatari zaidi maishani mwake. Mwili unasahau haraka ulichokuwa unakimudu. Kipimo cha unga ambacho zamani kilikuwa cha kawaida sasa kinaweza kusimamisha pumzi. Anamtaka mwanawe arudi akiwa safi, na safi ndiyo hali ambayo kuteleza mara moja tu kunaua. Mateja wanaolijua hili kwa kuzika wenzao hawatumii neno "safi" kirahisi.

Mwaka 2011 kulikuwa na vikombe viwili Tanzania. Februari, Muhimbili ilianza kutoa methadoni. Mwezi uliofuata, barabara ya Loliondo ikajaa magari, yakiwemo ya Kenya, watu wakienda Samunge kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Masapila, shilingi 500, mara moja tu, kwa kila ugonjwa. Kikombe cha Babu kilikuwa na ahadi ambayo moyo wa binadamu unaipenda: unakunywa, umemaliza, unarudi kutoa ushuhuda. Kuna walioacha dawa zao za virusi vya UKIMWI kwa sababu hiyo. Kikombe cha Muhimbili kilikuwa cha kila siku na hakikuahidi mwisho. Siwacheki waliokwenda Samunge. Ninachosema ni kwamba sisi wenye digrii na data bando tunaamini kikombe cha mara moja kuliko tunavyokiri, na tukimwuliza mgonjwa swali letu la kwanza huwa "utaacha lini?"

Maoni yangu ni haya. Kushuka dozi si wema wenyewe, na kubaki si udhaifu. Kinachofanya kushuka kuwe kwa mtu huru ni ruhusa ya kusimama, na hata kupanda tena, bila kupoteza heshima ya mtu yeyote. Mama anayeachisha ziwa anayo ruhusa hiyo, ndiyo maana nimeanza na yeye. Mtu asiyeruhusiwa kurudi nyuma hata hatua moja anasukumwa, hata kama mwenye kumsukuma anampenda. Na anayesukumwa hujifunza kusema uongo, maana ukweli wa mwili wake hauna mahali pa kukaa.

Pamoja na hayo kuna mgongo. Kwa aliyeanza kwa unga tu, dozi ikishuka anapambana na arosto. Kwa aliyeanza kwa maumivu, vitu viwili vinaamka pamoja na vinavaa nguo moja. Methadoni huzuia arosto siku nzima, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu hudumu saa chache, kwa hiyo hata kabla hajaanza kupunguza, kaka alikuwa anajua saa tisa alasiri kwa kiuno chake. Alipoanza kushuka, alilala macho wazi akijiuliza: huu ni mgongo wangu wa ajali, au ni mwili unadai? Mashine ya kumjibu haikuwepo. Daktari angeweza kumwuliza tu, na jibu lake lingeaminiwa au lisiaminiwe, na kwa mtu aliyewahi kuitwa teja, kuaminiwa ni dozi ambayo haipatikani dirishani.

Alianza akiwa miligramu 80. Alishuka tano tano, kila baada ya wiki kadhaa, na mpaka 40 alikuwa anatuma picha za tabasamu. Alipofika 30 hakuweza kuinama chini ya gari. Akaenda dirishani akaomba arudishwe 40. Nesi akamwuliza maswali mawili matatu, daktari akasaini, ikaisha kwa dakika kumi. Nyumbani hakusema kitu kwa miezi miwili. Mimi nilijua, na nikanyamaza pia, kwani habari ya mwili wake ilikuwa yake kuitoa.

Alimwambia mwenyewe kwa simu, Machi, simu ikiwa kwenye spika maana Mama Mkubwa alikuwa anachambua maharagwe na mimi niko naye jikoni. Alieleza yote, 80, 30, 40, na hatari ya zile wiki nne. Upande wa pili tulisikia gereji, mtu akigonga chuma. Mama Mkubwa aliacha kuchambua. Akauliza, "Sasa unalala?"

"Nalala, Mama."

"Na mgongo?"

"Afadhali."

Akakaa kidogo. Kisha akamwuliza kama atume pesa ya mbegu wiki hii au ijayo, kwa sababu mvua imeshaanza na jirani amekwisha panda.