Ni Nani Aliyeitengeneza?

Nataka tujiulize swali ambalo zamani niliwapa wanachuo wa ualimu: je, mtu aweza kusifiwa kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa ilitendeka yeye akiwa amelala? Mfano wangu nautoa mbali, Ubelgiji. Asiyekunywa asiudhike, nazungumzia kazi, si kilevi.

Katika bonde la mto Senne, mjini Brussels na vijiji vya jirani, hutengenezwa bia kali ya uchachu iitwayo lambiki. Mwenyewe huchemsha kimea cha shayiri pamoja na ngano isiyooteshwa, yapata theluthi moja, na maua ya hopsi yaliyowekwa mpaka yakapoteza uchungu mwingi. Mpaka hapo kazi ni yake. Kisha huyamimina maji hayo katika sinia kubwa la shaba lenye kina kifupi, akayaacha wazi usiku kucha yapoe. Hamira hatii. Vijidudu vya hewani na vya jengo lenyewe huingia bila kualikwa. Halafu hutiwa katika mapipa ya mti, na humo hukaa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Hufanya hivyo miezi ya baridi tu, tangu Oktoba hadi Aprili hivi, maana wakati wa joto wageni wabaya huzidi. Wagema wetu wa pwani hawatashangaa: tembo la mnazi nalo huchachuka lenyewe, ila halina subira, siku chache tu limekuwa siki.

Mwaka 1921 wataalamu Kufferath na van Laer waliipa chachu mojawapo jina la Brettanomyces bruxellensis, yaani ya Brussels. Basi wako wasemao: sifa ni ya chachu, huyu bwana alifungua dirisha tu.

Mimi sikubali upesi. Pipa likiharibika, hawezi kuwashitaki vijidudu. Hulimwaga, na hasara ni yake. Yeye ndiye aonjaye kila pipa, ndiye achanganyaye ya mwaka mmoja na ya miwili na ya mitatu, ikachachuka tena chupani na kuitwa, kwa matamshi yetu, gezi. Kama hasara tunamwandikia yeye, kwa haki gani tumnyime sifa? Na akitaka sifa yote, asikatae lawama yote.

Sisi walimu hatupimi hivyo. Mtoto akifaulu, “nilimfundisha mimi”, akishindwa, “kwao hakuna malezi.” Wazazi nao huigeuza mizani ile ile. Lakini yaliyomlea mtoto ni mengi, na mengi hayakupita mikononi mwetu.

Hata hivyo mfano wangu haufiki mbali zaidi ya hapo. Mwenye lambiki ana ruhusa ya kumwaga pipa lililomshinda. Mwalimu hana, wala mzazi hana.