Urithi wa Mji ni wa Nani?

Watu wanaporithi mji, hurithi nini? Je, ni nyumba na makaburi tu, au pamoja na matendo ya waliozikwa humo?

Uko Uingereza mji mdogo uitwao Olney, kando ya mto Ouse. Kila mwaka, Jumanne ya kuamkia Kwaresima, wanawake wa mji hujifunga aproni na vitambaa vya kichwa, wakashika vikaango vyenye chapati za maji, wakakimbia yadi 415 toka sokoni hata kanisani. Husemwa kwamba mbio hizo zilianza mwaka 1445. Zilikoma wakati wa vita kuu ya pili, na mwaka 1948 kasisi wa mahali akazifufua. Mkimbiaji haulizwi habari za babu zake. Akiisha kukaa mjini miezi mitatu, yatosha. Sheria hiyo yatupendeza sana.

Lakini karibu na mwisho wa mbio, katika uwanja wa kanisa, lipo kaburi la John Newton. Huyu alikuwa mchungaji wao tangu 1764 hata 1780, naye ndiye aliyetunga wimbo wa Neema ya Ajabu kwa ibada ya Mwaka Mpya wa 1773. Kabla ya hayo alikuwa nahodha wa merikebu zilizochukua watumwa Afrika ya Magharibi. Wengi hudhani kwamba alipomgeukia Mungu katika dhoruba ya 1748 aliiacha kazi ile papo hapo. Sivyo. Aliendelea nayo mpaka 1754, akaiacha kwa ugonjwa. Wala hakuandika kitabu cha kuishitaki mpaka 1788. Alinyamaza miaka 34, na katika miaka hiyo alihubiri, akapendwa.

Alikufa London mwaka 1807, akazikwa huko. Mwaka 1893 mifupa yake ikahamishiwa Olney. Nasi twaona kwamba waitao mifupa ya mtu nyumbani wamemwita mzima, pamoja na merikebu zake. Hawawezi kupokea wimbo na kuurudisha mnyororo.

Mtu atasema, "Mimi ni mgeni, nimekuja juzi, mambo ya Newton hayanihusu." Twamsikia, wala hatumwiti mwenye hatia, maana hatia hairithiwi kama shamba. Ila twamwuliza neno moja: miezi mitatu ilitosha kumpa kikaango na nafasi katika mbio, je, haikutosha kumsimamisha kaburini, akayasikia yote?